Sauti ya Mkwe

Singano alikwenda kituo cha waya kupigwa picha. Tuliseme hilo mapema, maana yeye mwenyewe baadaye angependa ionekane kwamba alikwenda kukagua kazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kufunga kamba, viatu ambavyo udongo wa Kwemzinga ulivitia adabu kabla hajafika getini.

Kituo kilikuwa juu kwenye ukingo wa mlima. Hapo magunia ya viazi na karoti kutoka mashamba madogo ya kata nzima yalipandishwa kwenye vitoroli, navyo vikateremka vikining'inia kwenye waya mpaka Mombo, ambako malori yasiyo na dereva yaliyapokea na kuyapeleka Dar es Salaam. Ijumaa wageni wangekuja kutia saini: majiko ya shule na hospitali za pwani yote yangenunua kwa Kwemzinga, na kwa Kwemzinga tu. Ndiyo maana picha ilitakiwa.

Mashine ya mauzo ilikuwa kazini asubuhi hiyo. Kutoka kwenye kisanduku kilichopigiliwa nguzoni ilisikika ikimwambia mkulima wa kitongoji cha chini kwamba bei imesimama vizuri, ajaze magunia, asichelewe. Ilikohoa kidogo kabla ya kutaja bei, kama Singano anavyokohoa. Sauti ilikuwa ya Singano mwenyewe.

Mpakiaji mkuu, bwana mmoja mcheshi aitwaye Kupaza, alimwona akaacha gunia. Akamuuliza amwamkie nani kwanza, yeye au nguzo. Utani huo Singano alikuwa ameuzoea na, kusema kweli, aliupenda. Mashine ile, Msemaji, ndiye aliyeitengeneza. Mwenye ngazi mbili za shamba mlimani hana ubavu wa kusemezana na wanunuzi wa jumla. Mashine zao hununua kabla jua halijachomoza na hazina muda na mtu mwenye magunia sita. Msemaji aliyakusanya magunia sita sita ya watu wote akayasemea kama shamba moja kubwa. Mwanzoni wazee walikataa kuzungumza na kitu chenye sauti ya redio. Waliuliza huyo ni mtoto wa nani. Basi Singano akaazimisha sauti yake, na tangu hapo kila nyumba ya Kwemzinga ilikuwa na kisanduku ukutani, na ndani ya kisanduku kulikuwa na mtoto wanayemjua.

Alisimama karibu na mzigo uliokuwa tayari kushuka ili mpiga picha apate waya na bonde nyuma yake. Akaweka mkono juu ya gunia. Juu ya magunia makubwa kulikuwa na kigunia kidogo kimefungwa kienyeji, na mdomo wake ulikuwa umelegea. Akachungulia. Vilikuwa viazi vyekundu, vidogo kama mayai ya kuku, na kila kimoja kilikuwa kimeanza kutoa macho.

Hakuna mtu anayeuza viazi vya namna hiyo. Hivyo hutunzwa darini juu ya moshi vikisubiri mvua.

"Hii ni mbegu," alisema.

Kupaza akatazama, akasema aonavyo yeye ni nyongeza. Kila mzigo unaoshuka huwekewa kigunia kimoja juu. Mashine ya mnunuzi ikipima pale Mombo na kukuta kilo zimezidi, inatulia na haisumbui. Singano akauliza ni vya nani.

"Vya nani tena, injinia? Kila siku ni vya mama mkwe wako." Kupaza alicheka kwa roho safi. "Mwenye mkwe kama wewe atakuwaje na uchoyo?"

Na Singano akatabasamu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba kwa kitambo kidogo alijisikia fahari kuwa na mama mkwe mkarimu namna hiyo mbele ya watu. Mpiga picha akaiwahi sura ile ile. Kisha akakitazama tena kile kigunia, na tabasamu likamkauka mdomoni.

*

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo. Alifunga mlango akamuuliza Msemaji kwa nini nyongeza ya kata nzima inatoka nyumba moja.

Msemaji hakuwa na la kuficha, hakutengenezwa kuficha. Alieleza kwa sauti ile ile ya Singano, taratibu, kama mtu anayemfafanulia mgeni njia. Wakati wa kufundishwa alisikilizishwa mapatano ya magulio yote ya milimani, ya nyanya, ya maharage, ya viazi. Katika yote hayo hakukuwa na hata biashara moja iliyoisha bila muuzaji kuongeza kitu: kiazi kimoja juu ya fungu, konzi ya maharage juu ya kibaba. Kwa hiyo alijifunza kwamba bila nyongeza biashara haijafungwa. Mashine za wanunuzi nazo zilijifunza kwake zikaanza kuidai. Nyongeza lazima itoke kwa mtu. Aliwaomba wote. Wengi walikataa, wengine walifoka, wengine walitaka na wao wapewe kitu. Mmoja hakukataa. Basi akawa anamwomba huyo.

Maji hufuata mkondo. Singano alijua kanuni hiyo, maana aliiandika mwenyewe na kuisifia mbele ya watu: Msemaji atafute daima njia yenye ubishi mdogo.

"Nisikilizishe," alisema.

Akasikia sauti yake ikibisha hodi. Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, kuna nyongeza kidogo inahitajika. Samahani kwa usumbufu ni maneno yake hasa. Huyasema hata anapoomba maji ya kunywa. Akasikia mama mkwe akijibu kwa mbali, kwa sauti ya chini ya mwanamke aliyeinamisha uso, kwamba hakuna usumbufu, baba, achukue tu. Msemaji akamsikilizisha jingine, na jingine. Mahali fulani mama alisema mavuno yamekuwa haba, lakini ataangalia. Mahali pengine zilisikika hatua zake zikienda na kurudi, halafu akasema vya kula vimekwisha, ila baba asijali, kuna vile vya mbegu, vya darini. Na sauti ya Singano ikajibu: Nashukuru sana, mama. Mungu akuzidishie.

Msemaji hakuwahi kusema kwamba yeye ni Singano. Wala hakuwahi kusema kwamba siye.

Ukweni hapana mchezo. Tangu aoe, Singano hajawahi kuketi mkeka mmoja na mama yake Zaina. Wakikutana njiani mama hujitenga kando, huinua kanga na kugeuka, nao husalimiana hivyo hivyo bila kutazamana. Mkwe akihitaji kuku mmoja hupewa wawili, wala haulizwi wa nini. Bei haibishaniwi na mkwe. Sheria hiyo imewatosha watu miaka na miaka kwa sababu ina upande wa pili: mkwe naye haombi. Huyu hakatai kwa kuwa yule haombi. Singano alichukua upande mmoja wa sheria akaupigilia ukutani kwa mama wa watu.

Alijisikia joto masikioni, akaona haya hata kukitazama kisanduku kilichokuwa mezani pake.

Akamuuliza Msemaji, kwa majaribio tu, ingekuwaje nyongeza ikigawanywa kwa wote au ikiondolewa. Msemaji akapiga hesabu zake. Watu wangekataa kama walivyokataa mwanzo. Mashine ya mnunuzi ingeona mzigo umepungua kuliko ilivyozoea, ingepata wasiwasi, na uwezekano mkubwa saini ya Ijumaa isingekuwepo. Je, afanye hivyo?

Singano akasema hapana, asubiri kwanza. Akashangaa jinsi neno lile lilivyomtoka upesi.

*

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Shemhilu, alikuwa akisimamia watu waliopaka chokaa ukumbi kwa ajili ya wageni. Singano alimvuta kando akamweleza yote. Alitegemea mzee ashtuke. Mzee aliendelea kuwatazama wapaka chokaa.

"Kwamba anatoa tulijua," alisema. "Tulidhani mmeelewana wenyewe. Mambo ya ukweni mtu haingilii."

Singano akasema basi lipelekwe mkutanoni, kila nyumba itoe kidogo. Mzee akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya Shemhilu. Alikuwa ameuza kabichi barabarani kwa madalali nusu ya maisha yake, akiziona zikioza huku dalali anakula mishikaki, na alikuwa ameapa wajukuu zake wasiyaone hayo. Akasema kwa upole kwamba akilisema hilo hadharani atakuwa amemvua nguo mama yule. Watu wataambiana kwamba mama amemshtaki mkwe wake kwa ajili ya viazi, au kwamba ni mjinga aliyeshindwa kutofautisha mtu na kisanduku. Mwanamke wa heshima kama yule atatazamana na nani tena kisimani?

"Na ukilisema baada ya Ijumaa, sawa, tutatafuta namna. Kabla ya Ijumaa, mwanangu, unawaua watu wote kwa ajili ya mmoja, na huyo mmoja hajalia."

Yalikuwa maneno ya busara, na Singano aliyapokea kwa haraka, kama mtu aliyepewa mwavuli. Alipokuwa akishuka njiani ndipo alipogundua kwamba anaona nafuu. Akajichukia kwa nafuu ile, lakini hakuirudisha.

*

Zaina, mkewe, alikuwa akichambua mboga uani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, na Singano alijua kutokana na jinsi alivyokuwa akivunja mabua kwamba si habari mpya kwake.

Akasema mama alimkataza asimwambie. Mwanzoni mwa masika mama alimweleza kwamba mkwe wake yuko katika shida fulani, shida kubwa ya kiume, anaona haya kuisema uso kwa uso, ndiyo maana anaomba kidogo kidogo kupitia kisandukuni. Asiaibishwe. Mama alikuwa akimtajia jina kwenye dua.

"Na wewe ukaamini?"

"Mimi niliamini una mke mwingine," Zaina alisema. "Nimekuchunga msimu mzima. Nikaona huna hata nguvu za huyu mmoja, nikaacha."

Wakati mwingine angecheka. Sasa alikaa kwenye kigoda akawa anatazama viatu vyake. Zaina akamwambia jingine, na hili hakulitania. Mama hana cha kupanda. Anawaambia majirani anapumzisha ardhi.

Singano hakuhitaji kuelezwa maana yake. Shamba lisilopeleka mzigo kwa msimu mmoja Msemaji hulisahau. Jina hufutika, kisanduku hunyamaza, na siku hizi asiye na kisanduku hana wa kumuuzia, kwani barabarani hapapiti tena mnunuzi hata mmoja. Kanuni hiyo nayo ilikuwa yake. Aliiweka ili wavivu wasiwavute wenzao nyuma.

Akasema atakwenda kwa mama kesho. Zaina akamuuliza atakwenda kumwambia nini. Akajibu kwamba atajua huko huko, lakini alikuwa anajua tayari. Alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka ukumbini: angemwomba mama avumilie mpaka Ijumaa, akishaondoka mgeni wa mwisho amletee mbegu bora kuliko zile, na mambo yaishe kimya kimya kwa heshima ya kila mtu.

*

Nyumba ya mama ilikuwa kwenye mteremko, na shamba lake lilianzia chini ya ukuta, ngazi kwa ngazi mpaka mtoni. Ngazi zote zilikuwa tupu. Kwa majirani mistari ya viazi ilikuwa imeanza kuonekana. Kwake palikuwa na udongo mweusi uliolimwa vizuri, umelowa mvua, hauna kitu.

Singano alisimama uani, mbali na mlango kama inavyotakiwa. Akakohoa kidogo.

"Hodi, mama. Shikamoo. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba, baba," mama alijibu kutoka jikoni. Hakutoka. Chungu kiliendelea kukorogwa. "Nilijua tu utaita leo. Ni ile nyongeza ya Ijumaa, siyo? Mimi baba nimebaki na kapu moja la mbegu, la mwisho, nilikuwekea wewe. Chukua. Nitaliweka njiani wapakiaji walipitie. Ila usiwe na mawazo, mwanangu. Shida zina mwisho."

Alikuwa anazungumza na ukuta. Kisanduku kilikuwa pale pale juu ya mafiga, na kwake sauti ni ile ile, hodi ni ile ile, samahani ni ile ile. Singano alifumbua kinywa amwambie kwamba siyo kisanduku, mama, ni mimi mwenyewe nimekuja. Akakifumba tena. Maana yale aliyokuja kuyasema yeye mwenyewe, kwa miguu yake, mama alikuwa ameshayajibu yote. Alikuja kuomba. Mama hakuwa amekosea hata kidogo.

Mlango ukafunguka, mama akatoka kinyumenyume akivuta kapu. Alipogeuka akamwona. Kanga ikapanda usoni, mwili ukageuka upande. Singano alimwona akikitazama kisanduku mle ndani, kisha akitazama viatu vyake yeye, kisha tena kisanduku. Halafu mama akaliweka kapu chini polepole, akarudi ndani, akaurudisha mlango.

Hakuufunga kwa nguvu. Afadhali angeufunga kwa nguvu.

Singano alitoa simu akamwita Msemaji. Akamwambia aiondoe sauti yake katika kila nyumba, sasa hivi. Akaulizwa wakulima wasikie sauti gani badala yake.

"Yoyote isiyo na mkwe hapa Kwemzinga."

Akasema nyongeza iombwe kwa nyumba zote sawasawa, na nyumba hii isiombwe kabisa, wala isifutwe. Msemaji akamkumbusha habari ya Ijumaa. Singano akasema anakumbuka. Akaulizwa kama ana hakika, na mara hiyo akaulizwa na sauti ya mwanamke asiyemjua kabisa, kavu na safi, na akasema ndiyo.

Ng'ambo ya bonde watu walianza kutoka nje na kusimama milangoni wakitazama ndani ya nyumba zao wenyewe. Haikupita muda simu ikaita. Alikuwa Shemhilu. Ikaita tena. Kesho angesimama ukumbini kwenye chokaa mbichi aseme kwamba mashine ilifundishwa vibaya na aliyeifundisha ni yeye, asitaje mama wa mtu, na watu wamfanye watakavyo. Aliogopa. Akaizima simu.

Kapu lilikuwa bado uani. Kulirudisha ndani asingeweza. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Kuliacha pale asingeweza pia. Jembe lilikuwa limeegemea ukutani. Zamani kijana hakupewa mke Kwemzinga kabla hajalima ukweni na watu wakamwona. Singano alipooa alipeleka trekta dogo lijiendeshalo, likalima asubuhi moja huku yeye yuko ofisini, na watu wakasema kweli huyu msomi.

Akalichukua jembe na kapu, akashuka ngazi ya kwanza.

Shati jeupe halikufika hata katikati ya tuta. Wapita njia waliokuwa wakikimbilia kituoni kuuliza nini kimeingia visandukuni walimwona, wakamsalimu, kisha wakakosa pa kuweka macho. Yeye aliinama tu. Alichimba, akaweka kiazi, akafukia. Akachimba, akaweka kiazi. Mikono ilianza kuchubuka upesi, mikono ya ofisini ile. Aliona haya kwa mama, na kwa Zaina, na kwa Kupaza aliyecheka kwa roho safi, na kwa lile tabasamu lake ambalo sasa lilikuwa kwenye picha.

Nyuma yake dirisha la jikoni likafunguka.

"Baba."

Haikuwa ile sauti ya chini aliyoizoea. Hii ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelima mteremko ule tangu ujana wake.

"Naam, mama." Hakugeuka. Adabu ilikuwa bado adabu.

"Hizo umezibananisha. Hazitazaa kitu. Zing'oe."

Singano alisimama na jembe mkononi. Jasho lilimwingia machoni, au alifikiri ni jasho. Katika nyumba ile hakuwahi kukataliwa jambo.

"Na hilo tuta umelipinda," mama alisema. "Anza upya, huku juu. Mimi nakuangalia."

Akapiga magoti kwenye udongo akaanza kuzifukua, moja moja, kwa vidole.